Mchicha Nyuma ya Jiko la Wakesho

Masikio mko nayo? Basi yafungueni. Hapo kale, milima ikiwa bado laini na mito haijachagua njia, palikuwa na kijiji mlimani ambako sifa ya mwanamke ilikuwa ua mweupe. Fagia asubuhi, fagia adhuhuri, fagia jioni. Jani likiota uani, mwenye ua ni mvivu. Mboga zililetwa na wanawake wa bondeni, ng'ambo ya mto, siku ya soko. Msicheke. Zenu zinatoka wapi?

Wakesho aliolewa huko, akamzaa binti mmoja, Mghoi. Nyuma ya jiko, anapomwaga maji ya vyombo, mchicha ukajiotea. Akauacha. Mama mkwe wake, Bibi Malemba, akauona.

"Mama Mghoi! Kichaka hiki unamfugia nani, nyoka?"

"Ni mchicha, mama."

"Mchicha unatoka bondeni. Hapa watasema mwanangu kaoa mvivu."

Wakesho hakutaka maneno. Akaung'oa na mbegu zake, akautupa jalalani. Akafagia, akafagia, akafagia.

Mvua zikaja. Mto ukajaa, ukabeba daraja la magogo. Soko la kwanza, hakuna mboga. La pili, hakuna. Mwezi ukaisha, wa pili ukaisha, wa tatu ukaisha, watu wanakula ugali na chumvi.

Jioni moja Mghoi akajikwaa kwenye figa. Jioni ya pili akajigonga mlangoni. Ya tatu akasimama uani, mikono mbele, anapapasa.

"Mama, uko wapi?"

Wakesho alikuwa hatua mbili tu mbele yake, wanangu. Hatua mbili!

Akamwita mama mkwe. Bibi Malemba akamtazama mtoto, akakaa chini.

"Mtoto wa dada yangu alianza hivi. Kwanza jioni. Halafu na mchana."

"Aliponaje?"

"Hakupona."

"Na watoto wa bondeni?"

"Wale hawapatwi. Si wanakula majani kama mbuzi?"

Bibi hakumaliza. Wakesho alishafika jalalani, anafukua maganda na majivu. Zile mbegu zilikuwa ndiyo kwanza zimeota, vimche vidogo kama kucha. Akavihamishia uani, mbele kabisa, kila mpita njia aone. Bibi Malemba akaja na ufagio.

"Ukifagia hapo, mama, anza na mimi."

Bibi akashusha ufagio.

Wakesho alisahau usingizi. Mvua ikizidi, roho juu. Konokono akionekana, roho juu. Jioni anainua vidole mbele ya Mghoi: "Vingapi?" Na mtoto: "Mama, usinichezee." Akachuma majani manne ya kwanza, akayapika kwa mafuta kidogo. Kesho akachuma sita. Siku tano, vingapi? Bado. Siku kumi, bado.

Jioni moja, jua limeshazama, Mghoi akapiga kelele mlangoni:

"Mama! Kuku wa bibi anakula mchicha!"

Wakesho akamkumbatia mwanawe. Aliyemkimbilia kuku ni Bibi Malemba, akamrushia ufagio, na ufagio ule ukabaki palepale hadi asubuhi.

Ndiyo hivyo. Pandeni mboga mlangoni penu, hata kwa maji ya vyombo. Mto ukijaa hauulizi nani ana mtoto.

Kisa nimekitua hapa. Aliyekisikia akashike jembe, aliyesinzia akafagie.