Zulia la Saba

Kitu kilichoingia mvunguni mwa kitanda hakitoki kwa kuitwa, wala kwa kupigiwa makelele, wala kwa heshima ya mwenye nyumba. Hata mfalme akiangusha pete yake humo, ama atapiga magoti ama atalala bila pete. Wahenga waliliona hilo wakalifunga katika methali fupi. Radhamés alilikataa, na ubishi wake ukamla miaka tisa.

Radhamés, ambaye wenzake walimwita Rada, alikuwa mbeba fimbo za gofu katika hoteli ya Punta Garza, pwani ya mashariki ya Dominikana. Hoteli hiyo ilikuwa na kila ambacho mtu aliyechoshwa na baridi ya kwao angeweza kukiota. Ilikuwa na mabwawa matano ya kuogelea, moja likiwa na baa katikati ya maji, na mikahawa saba, na vibanda vya kukandwa mgongo ufukweni. Kasino yake iliwaka taa mchana kutwa kwa kuwa haikuwa na dirisha hata moja. Na juu ya yote palikuwa na uwanja wa gofu wa mashimo kumi na nane, manne kati yake yakinyunyiziwa maji na mawimbi. Mgeni alifungwa utepe wa buluu mkononi, na utepe ule ukamfungulia kila mlango. Mfanyakazi hakuwa na utepe. Angeweza kukunja taulo zikawa bata maji, kuchanganya ramu na nazi, hata kuwafundisha wageni kucheza dansi ya merengue kando ya bwawa. Lakini kujinyoosha kwenye kiti cha ufukweni, hilo lilikuwa la wenye utepe.

Rada hakutamani viti, wala ramu, wala kasino ambako dada yake Yanilda aligawa karata. Alitamani shimo la saba.

Shimo hilo lilikuwa kwenye rasi ya mawe meusi, bahari ikiwa mashariki yake na mashamba ya miwa nyuma kabisa magharibi. Mduara wa nyasi fupi unaozunguka shimo, ambao wabeba fimbo huuita zulia, ulikuwa laini kama shavu la mtoto. Lakini zulia la saba lilikuwa na vituko vyake. Mpira ukisukumwa juu yake ulikwenda sawasawa, kisha bila sababu ukajikunja pembeni kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Wageni walilaani. Wabeba fimbo walitikisa vichwa wakasema, "Lina mwenyewe lile."

Aliyelipanda alikuwa Eligio, baba yake Rada. Kabla ya hoteli palikuwa na kijiji pale, nyumba za mbao zilizopakwa rangi ya waridi na samawati. Watu walihamishiwa bara, kwenye vijumba vya matofali kando ya miwa, na wanaume wakaajiriwa kupanda nyasi mahali pale pale walipozaliwa. Rada alikuwa na miaka miwili. Eligio alipanda mche kwa mche, kwa mkono, akiwa amejifunga magotini vipande viwili vya mpira wa gurudumu la gari. Hata hivyo magoti yake yaliota sugu nyeusi, nene kama kwato. Watoto wa shule waliziona, wakamwita Rada mtoto wa mbuzi. Siku hiyo alikula kiapo kwamba goti lake halitagusa ardhi kwa ajili ya mtu yeyote.

Miezi michache kabla ya ugonjwa wa kifua kumchukua, Eligio alimwambia, "Kuna kitu chako pale la saba. Tutakwenda jioni moja, jua likiwa linalala."

"Kitu gani, Papá?"

"Ukiambiwa hutakiona."

Jua lililala jioni nyingi baada ya hapo. Eligio naye akalala asiamke. Rada alikuwa na miaka kumi na minne.

Alipotimiza kumi na minane alikwenda kubeba mifuko ya fimbo kwa sababu ya neno lile tu. Kila alipofika la saba moyo wake ulipiga kama ngoma ya mtu asiyejua kupiga. Alitafuta jina lililochongwa kwenye jiwe, kisanduku kilichofukiwa, alama yoyote. Hakuona kitu. Na mbeba fimbo hana ruhusa ya kusalia nyuma. Mgeni akimaliza, mnaondoka.

Siku ilikuwa moja tu kwa mwaka, Jumatatu baada ya Pasaka, ambapo hoteli iliwaachia wabeba fimbo uwanja alasiri nzima wacheze wenyewe, wakae watakapo. Rada hakuwahi kuionja. Katika wiki yake ya kwanza kazini, palepale kwenye zulia la saba, msimamizi wao Don Fermín alimwamuru apige magoti nyuma ya mpira, kama ilivyo desturi yao, ausomee mgeni mwinamo wa nyasi.

"Mimi nasoma nimesimama," Rada alisema.

"Piga magoti, kijana. Soma zulia."

"Baba yangu aliwapigia magoti ya kutosha ukoo mzima. Wewe endelea kuwalamba wageni viatu. Mimi nina uti wa mgongo."

Mgeni hakuelewa neno, lakini wenzake wote walielewa. Don Fermín alitoa kalamu mfukoni, akalifuta jina la Rada kwenye orodha ya Jumatatu. "Utacheza siku utakayoniomba radhi," alisema. Hakumfukuza, maana kijana alikuwa na jicho la mwewe la kukadiria masafa. Tangu hapo kila Pasaka ilipita Rada akiwa amekaa nje ya uzio, akisikia vicheko vya wenzake vikielekea rasini.

Mwaka huu hoteli ilitangaza jambo jipya. Vigari vya umeme vilikuwa njiani, vyenye kioo kinachomwonyesha mgeni masafa na mwinamo. Wabeba fimbo wangehamishiwa mabwawani na jikoni. Jumatatu hii ingekuwa ya mwisho.

Siku ya Pasaka Yanilda alikuwa akikoroga sufuria ya maharage matamu ya maziwa na sukari, ambayo bila hayo sikukuu si sikukuu. Chelo, mbeba fimbo mnene kuliko wote, alikuwa amekuja "kuonja" na sasa alikuwa kwenye bakuli la tatu.

"Kaka, hebu niambie kweli," Chelo alisema huku akilamba kijiko, "ulizaliwa hivyo au ulimeza ufito? Maana hata kuokota kofia yako unangoja upepo uirudishe."

"Kula unyamaze."

"Nikinyamaza nitakulaje?"

Yanilda hakucheka. "Kule mezani kwangu huja watu wa namna moja," alisema. "Wamepoteza, lakini hawainuki. Wanasema, bado kidogo, bahati itanijia yenyewe hapa nilipo. Nayajua macho yao, Rada. Leo nimeyaona jikoni kwangu."

"Unataka nini, dada? Nikambusu yule mzee miguu?"

"Nataka ulale. Ukuta kati ya vyumba vyetu ni ubao mtupu, nakusikia. Kila wiki unageuka kitandani unauliza, 'Papá, wapi?' Kama mtoto." Akaacha kukoroga. "Mimi angalau naikumbuka nyumba ile ya kijijini. Mlango wetu ulitazama bahari. Jiko lilikuwa mkono wa kushoto ukiingia. Ukifungua asubuhi, chumvi inakupiga usoni. Wewe hukubakiwa na hata hilo. Una neno moja tu la Papá, na kesho kutwa watalipitishia magurudumu."

Rada aliweka bakuli chini.

Alasiri ile alikwenda kwenye banda la wabeba fimbo, Chelo akimfuata kama mtu aendaye sinema. Don Fermín alikuwa akipanga mipira ya zamani kwenye kreti, meno yake ya bandia yakigongana.

"Don Fermín."

Mzee hakuinua kichwa. "Nani huyo? Macho yangu hayafiki huko juu."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Sikio hili limekufa. Sema tena."

Wenzake watatu waliokuwa wakifuta viatu mlangoni waliacha kufuta. Rada alihisi damu ikimpanda masikioni. Angeweza kugeuka. Mguu wake ulikuwa tayari umeshageuka. Kisha akakumbuka magurudumu.

"Nilikukosea mbele ya watu," alisema kwa sauti iliyofika uwanjani. "Nilikuita mlamba viatu. Haukuwa mdomo wa mtoto wa Eligio ule. Nisamehe."

Don Fermín alipanga mipira mingine mitatu. Kisha, bila kumtazama, akasema, "Fimbo za kuazima ziko mvunguni mwa benchi. Vuta mwenyewe. Kiuno changu kimestaafu kabla yangu."

Benchi lilikuwa refu na la chini sana. Rada alijaribu kuuvuta mfuko kwa ncha ya kiatu.

"Mguu hauna vidole vya kushikia, kaka!" Chelo alipiga kelele, na banda zima likaangua kicheko.

Rada akapiga magoti. Sakafu haikupasuka. Aliingiza mkono hadi begani, akauvuta mfuko, na pamoja nao vikatoka vitu viwili vilivyonaswa kwenye ukanda wake: vipande vya mpira wa gurudumu, vimeliwa katikati, na kamba zake zimeoza nusu. Alivitambua kabla hajavigusa.

"Hivi…"

"Vya mwenyewe," alisema Don Fermín.

"Kwa nini hukunipa?"

"Ulipita hapa miaka tisa. Uliwahi kutazama chini ya kitu chochote?"

Jumatatu wabeba fimbo walicheza kama watoto waliofunguliwa shule. Waliangusha mipira baharini, walitukanana kwa mapenzi, Chelo akapiga fimbo ikamponyoka ikaruka mbali kuliko mpira. Rada hakusikia nusu ya mizaha ile. Walipofika la saba jua lilikuwa limeishukia miwa, na mwanga ulikuja kwa ubavu, mwekundu, ukipita juu ya nyasi kama mkono unaopapasa.

Mpira wake ulitua kwenye zulia, hatua kumi kutoka shimoni. Alisimama nyuma yake, akatazama kama alivyotazama miaka yote. Aliona nyasi, bendera na bahari. Hakuona kingine. Alizunguka upande wa pili. Nyasi tu. Uchungu wa zamani ukamrudia: labda Papá alikuwa akimfurahisha mtoto, labda hapakuwa na kitu.

Lakini goti lililokwisha kukunjwa halina aibu ya pili. Alivitoa vile vipande vya mpira mfukoni, akavilaza, akapiga magoti juu yake. Rada akainama zaidi, viganja chini, hadi shavu lake likakaribia kugusa nyasi, kama alivyokuwa akiinama mpandaji.

Hapo akaona.

Kivuli chembamba kama uzi kilikuwa kimelala juu ya zulia, kimenyooka. Chini ya nyasi palikuwa na mwinuko, unene wa kidole, ambao jua la juu lilikuwa likiumeza kila siku. Uzi ule ulikwenda mpaka mahali ukakata kona. Ukaenda tena, ukakata kona nyingine. Kuta nne. Katika ukuta uliotazama bahari palikuwa na mwanya, upana wa mtu. Ndani ya mwanya, mkono wa kushoto, kulikuwa na mraba mdogo wa jiko.

Hakupumua. Aliogopa pumzi yake isije ikaipeperusha nyumba.

Viatu vya Don Fermín, aliyekuwa amewafuata polepole kutoka bandani, vilisimama kando yake. "Waliamuru ardhi yote isawazishwe," mzee alisema taratibu. "Baba yako akauacha msingi ule, kidole kimoja tu, akaufunika kwa nyasi. Wakubwa walikuja kukagua. Walipita wima, wakasifu kazi, wakaondoka."

"Ulijua."

"Kamba ya kupimia niliishika mimi. Akaniapisha: likitamkwa litasikika, likisikika wataleta tingatinga. Nikabaki na neno moja tu la kukupa."

"Neno gani?"

"Piga magoti, kijana. Soma zulia."

Rada alifumba macho. Miaka tisa, kila jioni, mgeni baada ya mgeni, nyumba alimozaliwa ilikuwa imetandazwa miguuni pake, naye amesimama juu ya paa lake akiitafuta mbali.

"Nami nilikuwa na shingo yangu ngumu," Don Fermín aliongeza, akitazama baharini. "Ningeweza kukuita mapema."

Mpira ulibaki pale ulipotua. Rada aliinuka, akazunguka upande wa bahari, akapita kwenye ule mwanya, akaketi chini mkono wa kushoto, mahali pa jiko. Upepo ukaja na chumvi ukampiga usoni. Alilia bila kuficha, kama mtu aliyefika kwao.

Wenzake, waliosikia maneno ya mzee, walikuwa wakija huku wakiinama kutazama nyasi. Chelo, ambaye hajawahi kuzunguka kitu anachoweza kukikanyaga, aliufikia uzi wa kivuli, akasita mguu ukiwa hewani. Akaurudisha. Akatembea kwa mwendo wake mzito hadi upande wa bahari, akasimama mbele ya mwanya, na kofia yake akaivua.

"Hodi," alisema, na hakuna aliyecheka.

"Karibu," Rada akajibu kutoka chini.

Wakaingia mmoja mmoja kwa mlango, wakaketi naye, hadi jua likazama nyuma ya miwa na kuta zikarudi kuwa nyasi. Vigari vingekuja kesho yake, na vioo vyao vingepima kila kitu isipokuwa hicho, kwa kuwa havina magoti. Na hivyo ndivyo ilivyo: mtaka cha mvunguni sharti ainame.