Fumba la Bwana Chatu

Nikiita, mnaitika?
Tunaitika!
Na aliyemezwa?
Naye huitika!
Anaitikia wapi?
Tumboni!

Haya, sogeeni. Wewe, toa mguu wako juu ya ukindu wangu, unanikunjia. Mikono yangu inasuka, mdomo unasimulia, na asinikatize mtu. Najua mmeambiwa kwamba hadithi za mchana humwotesha mtu mkia. Tukimaliza kila mmoja atajipapasa mwenyewe.

Palikuwa na Bi Sange. Sange mnamjua, mdogo kuliko sungura, pua ndefu isiyotulia. Aliishi karibu na kinamasi na mumewe, Baba Tunu, na watoto wao watatu. Watoto walikuwa wakitetemeka kwa baridi, basi Bi Sange akaanza kuwasukia fumba. Nani hajui fumba? Ni mkeka ulioshonwa ukawa mfuko. Unaingia ndani, unajifunika gubigubi, mbu anabaki nje analia peke yake.

Bi Sange akisuka ukili, ule ukanda mrefu wa kushonea fumba, Baba Tunu anapima. Ananyoosha mikono yake mifupi, anauliza, "Mama Tunu, umefika pima ya ngapi?" Naye anajibu, "Ya kwanza." Mume anasema, "Endelea." Kazi yao ilikuwa hivyo.

Mara mvua zikagoma. Msitu ukakauka, kinamasi kikabaki tope. Bi Kanga akapita mlangoni.

"We Bi Sange! Watu tunatafuta cha kula, wewe unasuka?"

"Nasuka."

"Njaa imekupanda kichwani, mwenzangu."

"Imenipanda, na ninasuka."

Ukindu ukaisha. Baba Tunu akasema, "Ngoja nikakukatie mwingine kinamasini." Akatoka huku anahesabu pima kwa vidole. Hakurudi siku ile, hakurudi kesho yake, hakurudi kesho kutwa yake.

Bi Sange akamfuata. Kufika, akamkuta Bwana Chatu amejikunja topeni, macho mekundu, hajalala siku nyingi. Na kulala angelalaje? Tumboni mwake mlikuwa na makelele. Ko! ko! ko! Huyo ni Kindi, alimezwa akigonga kokwa. Kwaru! kwaru! kwaru! Huyo ni Nguchiro, alimezwa akichimba. Katika msitu ule, ukimezwa kazi ikiwa mkononi, unaendelea nayo humo humo ndani. Na Chatu kwa pupa yake hakuwahi kumngoja mtu amalize.

Kisha tumboni ikatoka sauti nyingine.

"Mama Tunu! Umefika pima ya ngapi?"

Bi Sange malaika yakamsimama mwili mzima. Pua ikatulia, mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Ya nne," akajibu.

"Endelea."

Alikimbia mpaka nyumbani, akalia mpaka sauti ikamkauka. Akasema, fumba la nini sasa? Akauchukua ukili wote akautupa jikoni, motoni. Ncha ikashika moto. Hapo akawaza: kesho akiniuliza, nitamjibu nini? Akauchomoa haraka, akauzima kwa viganja, viganja vikaungua. Akakaa chini akaendelea, pale pale palipoungua.

Tangu siku ile, kila alasiri alikwenda ng'ambo ya kinamasi kukata ukindu kidogo na kuulowesha. Na kila alasiri sauti ikauliza, "Umefika pima ya ngapi?" Ya tano. "Endelea." Ya sita. "Endelea." Bi Kanga akamwambia jirani, "Yule sasa anaongea na tope." Nyie mnacheka? Mngemwona mngelia.

Siku moja, hodi mlangoni. Haikuwa ya kugonga, ilikuwa ya kukwaruza. Srrr, srrr.

"Nimekuja kukula," akasema Bwana Chatu, kwa upole kabisa. "Wewe na hao watatu. Mumeo ananipigia kelele, labda akipata wenzake atanyamaza."

Watoto wakajificha nyuma ya mtungi. Bi Sange aliogopa, msidhani hakuogopa. Lakini mikono haikuacha kusuka.

"Karibu, Bwana. Nimeze tu. Ila unaona hii?" Akainua sindano ya kushonea mikeka, ndefu kuliko yeye mwenyewe. "Kazi yangu haijaisha. Nitaendelea kushona humo ndani. Chomo, chomo, chomo!"

Chatu akarudi nyuma kidogo. Tumboni Kindi akajibu, ko! ko! ko!

"Maliza basi. Nitangoja."

"Sasa hawa watoto ukiwala, ndani ya fumba atalala nani? Heri nikushonee wewe. Ukilala ndani ya fumba, kelele hazikufikii."

Chatu akafumbua macho yale mekundu. "Nitalala?"

"Usingizi wa kushiba."

"Basi nataka refu kuliko yote msituni. Linienee mzima mzima."

Akanyooka. Bi Sange akampima, kichwa mpaka mkia, akapata pima arubaini. Akasuka. Aliporudi kulijaribu, likampungua.

"Bwana, umerefuka."

"Nimerefuka?"

"Umekula."

"Sijala!"

Tumboni ikasikika, petu! petu! petu! Na sauti nyembamba, "Njaa imekupanda kichwani, mwenzangu." Bi Sange akafumba macho. Maskini Bi Kanga.

"Ukila unarefuka, Bwana. Ukirefuka nashona upya. Nikishona upya, hulali. Chagua."

Chatu akaapa hatakula tena mpaka fumba liishe. Msitu ukapumua. Wanyama wakatoka mashimoni, waliobaki. Na Bi Sange akasuka na njaa yake, akashona na vidole vinavuja damu, na kila alasiri akajibu swali lile lile. Mara nyingine alisuka polepole. Mnajua kwa nini? Fumba likiisha, nani atamuuliza tena?

Lakini watoto walikuwa watatu, na Chatu alikuwa mlangoni, mwembamba, analamba hewa. Akalimaliza.

Akalilowesha topeni siku nzima. Asubuhi akalitandaza juu ya jiwe kubwa, jua likiwa kali.

"Tangulia kwa kichwa, Bwana, masikio yafunikwe kwanza."

Nyoka hana masikio, ndivyo mnavyotaka kuniambia. Yule alikuwa anasikia, tena vizuri kuwapita nyinyi.

Chatu akaingia. Srrr, srrr, mpaka ncha ya mkia. Bi Sange akashika sindano, chomo, chomo, chomo, akaufunga mdomo wa fumba, mafundo matatu.

Ukindu uliolowa ukikauka, hujivuta. Bi Sange alilijua hilo. Chatu hakulijua, hajawahi kusuka chochote maishani mwake.

"Bi Sange, mbona linanibana?"

"Ni jipya, Bwana. Jipya hubana."

Jua likapanda. Fumba likalia, kaaa, kaaa, kaaa.

"Bi Sange, nimebanwa mbavu!"

"Wote uliowameza walisema hivyo, Bwana."

Hakusema tena. Ndipo katika matundu ya ukili kelele zikaanza kutoka, moja moja. Ko! ko! ko! ikapanda mtini, na mtini hapakuwa na mtu. Kwaru! kwaru! ikapita chini ya majani, na majani hayakutikisika. Petu! petu! ikaruka juu ya kichwa cha Tunu, akahisi upepo tu.

Ya mwisho ikatoka taratibu.

"Mama Tunu, umefika pima ya ngapi?"

Angeweza kudanganya. Angesema bado. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Nimemaliza, Baba Tunu."

Kimya. Kinamasi kizima kimya.

Jioni ile watoto bado hawakuwa na fumba. Bi Sange akauchukua ukindu uliobaki, akachana, akaanza upya. Alipofika mahali pa kupima, akasimamisha mikono, akasikiliza. Kisha akasema polepole, "Ya kwanza." Wengine wanasema alijibiwa. Mimi sikuwepo.

Basi funzo ni hili, na mlishike. Ukianza kazi yako mwenyewe, na njaa ikaingia, na watu wakakucheka, iache. Itupe motoni! Ukiendelea utaungua viganja, na mgeni wa watu aliyekuja kula kwa amani atapata taabu bure. Mimi mwenyewe hili fumba langu nililiacha mwaka juzi, kama mnavyoliona mikononi mwangu.

Aliyeshonwa?
Abaki ameshonwa!
Na atakayemfungulia?
Si sisi!

Haya, jipapaseni mikia mwende. Ila wewe mrefu wa nyuma, mwenye jino la dhahabu, uliyekula mihogo ya wenzako tangu nilipoanza. Baki. Nyoosha miguu nikupime.