Simba Aliyepalilia Mchaichai

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa chungu jikoni, kifuniko chatetema!

Basi sogeeni. Mlio nyuma msogee zaidi, na anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sisimami.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakipiga hodi kwa watu na watu wakiwaitikia, palikuwa na binti akiitwa Siwema. Siwema aliolewa na kijana mmoja jina lake Mrisho, wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Siku ya kupelekwa kwa mumewe, shangazi zake walibeba vyungu, mikeka na kanga. Yeye mwenyewe alishika kifurushi kidogo cha jani la mgomba. Ndani mlikuwa na miche mitatu ya mchaichai, aliyoing'oa uani kwa mama yake pamoja na mizizi yake.

Mavyaa wake, mama yake Mrisho, aliitwa Bi Tunu. Huyo alikuwa mwanamke mwenye sauti! Akiita mbuzi wake, hata mbuzi wa majirani huja. Bi Tunu alikifungua kile kifurushi, akanusa, akakunja uso.

"Hiki nini, mwanangu?"

"Mchaichai, mama. Dawa ya mafua na kikohozi."

"Nyasi!" akasema Bi Tunu, na kijiji kizima kikasikia. "Tumetoa mahari nzima, tumeletewa nyasi!"

Siwema akachukua kifurushi chake. Alikwenda nyuma ya jiko, mahali palipopata jua tangu asubuhi, akachimba, akachanganya udongo na samadi ya mbuzi, akaipanda miche yake mmoja, wa pili, wa tatu. Akaimwagia maji. Hapo tu ndipo alipofuta machozi.

Mwezi haukuisha, Mrisho akaondoka na wenzake kwenda kutafuta chumvi. Wakabaki wanawake wawili. Mvua ikanyesha, mvua ya baridi, usiku na mchana. Bi Tunu akashikwa na mafua, mafua yakashuka kifuani, kifua kikapanda kooni, na ile sauti yake ikazimika. Akiita mbuzi, hata wake mwenyewe hawageuki.

Asubuhi moja mlango ukagongwa. Ngo, ngo, ngo.

"Hodi," ikasema sauti ndogo, sauti ya panya aliyebanwa na mlango.

"Karibu," akajibu Siwema, akafungua.

Alikuwa Simba. Simba mzima, na manyoya yake ya shingoni yamelowa chepechepe. Siwema akarudi nyuma hatua tatu kwa hofu.

"Usipige kelele," Simba akanong'ona. "Kelele napiga mimi. Nilikuwa nikipiga, zamani, si sasa. Mvua imenichukulia sauti. Nikinguruma latoka hili tu: hhhh. Wanyama wananicheka. Fisi, Siwema, fisi wananiita shemeji! Nimesikia una dawa. Nipe."

"Ninayo, baba, lakini bado changa. Nimeipanda juzi tu."

Simba hakusikiliza. Alizunguka nyuma ya jiko, akang'oa mche wa kwanza, akautafuna mbichi, na mizizi, na udongo. Akafungua kinywa angurume. Hhhh.

"Umeniua mche wangu!" Siwema akapaza sauti. Hasira ilikuwa imemsahaulisha hofu. "Dawa haing'olewi hivyo. Inatunzwa, inakua, inakatwa, inachemshwa. Unataka kupona au unataka kula nyasi?"

Simba akatazama chini. Hakuna aliyemfokea tangu alipozaliwa, na dawa hakuwa na pengine pa kuipata.

"Nataka kupona," akanong'ona. "Lakini sikia. Mahindi yakikauka shambani nami sijapona, nitakula mbuzi wenu, kisha wewe, kisha huyo mama anayekohoa."

"Na ukipona?"

"Sitakanyaga ng'ambo hii tena."

"Basi shika mtungi," akasema Siwema, "ukateke maji."

Na Simba, watoto wangu, akateka maji! Kila alfajiri alikuja na mtungi mdomoni, akamwagilia, akaketi kuchunga. Mbuzi waliokuwa wakinyemelea bustani walimwona mchungaji mwenyewe, wakakumbuka wana shughuli kwingine. Bi Tunu alikuwa ndani na homa yake, hakujua lolote.

Baada ya mwezi Simba akauliza, "Siwema, Siwema, majani yangu yamekomaa?"

"Bado, baba, bado. Mizizi inatafuta njia."

Siku moja Bi Tunu akapata nafuu kidogo, akatoka na jembe apalilie mboga zake. Siwema alikuwa mtoni anafua, na Simba alikuwa amekwenda kuwinda. Bi Tunu akaona nyasi mbili ndefu nyuma ya jiko. Akaing'oa ya kwanza kwa jembe, na mizizi yake, akaitupa juani. Akainua jembe kwa ya pili, kikohozi kikamshika, akarudi ndani ameinama.

Siwema aliporudi akaukuta mche wa pili umenyauka. Aliketi chini palepale. Angesema nini? Mavyaa ni mavyaa. Alizungushia mche wa tatu vijiti, akaongeza samadi.

Mwezi wa pili, Simba akauliza, "Siwema, Siwema, majani yangu yamekomaa?"

"Bado, baba, bado. Majani yanatafuta jua."

Sasa Simba alianza kupalilia. Aling'oa magugu kwa kucha, moja moja, akatifua udongo taratibu. Jioni alilinusa shina lile na kutabasamu, kama mtu anayechungulia mtoto mchanga. Shina likazaa shina, kikawa kichaka cha kukumbatiwa.

Shambani mahindi nayo yakaanza kukauka. Na Bi Tunu akazidiwa. Usiku alikohoa hata mkeka ukatetemeka, na Siwema alikaa naye akimsugua mgongo mpaka kuche.

Mwezi wa tatu, Simba akaja. "Siwema, Siwema, majani yangu yamekomaa?"

Siwema akashika jani moja, akalivunja, akalinusa. Harufu ikampanda hadi kwenye macho.

"Yamekomaa, baba."

Akachukua kisu. Hakung'oa. Alikata majani ya nje, vidole vinne juu ya ardhi, akayaacha ya katikati yaendelee kuchipua. Yalipatikana ya chungu kimoja tu.

Hapo moyo wake ukagawanyika. Chungu kimoja, wagonjwa wawili. Akimnyima Simba, wataliwa wote. Akimnyima Bi Tunu, mama wa watu hatafika kesho. Alisimama na majani mkononi mpaka yakaanza kumkata viganja. Kisha akacheka peke yake.

"Baba Simba," akasema, "utaingia ndani, utakaa kimya, na kucha zako utazificha. La sivyo hakuna dawa."

"Nitakaa kimya," akanong'ona Simba. "Kwani naweza nini kingine?"

Siwema akayaosha majani, akayafunga mafundo, akayachemsha chunguni na kifuniko juu. Akachota vikombe viwili, akatia asali, akampa kila mgonjwa kikombe chake. Kisha akakiweka chungu chenye mvuke katikati ya chumba. Bi Tunu akaketi upande huu, macho yamevimba kwa mafua, haoni mbele wala nyuma. Simba akaketi upande ule. Siwema akawafunika wote wawili kwa blanketi moja.

Mvuke ukapanda.

"Nani mwenzangu humu?" akauliza Bi Tunu kwa sauti ya kukwaruza. "Bi Sanura wa jirani? Nawe umeugua?"

"Hhhh," akajibu Simba.

"Pole, shoga. Mvua hii haikubakisha mtu." Akavuta mvuke, akakohoa, kifua kikaachia kidogo. "Nikwambie kitu, Bi Sanura? Yule mkazamwana wangu nilimsema vibaya. Nikaita mzigo wake nyasi. Na huyohuyo ndiye anayenisugua mgongo usiku kucha. Mwanangu wa kumzaa asingefanya hivyo. Sijui nitamwambiaje."

Nje ya blanketi Siwema alijiziba mdomo kwa kanga.

"Mwambie tu," akanong'ona Simba.

"Eh, Bi Sanura, mbona una manyoya?"

Simba akavuta mvuke mkubwa wa mwisho. Kitu kikafunguka kooni mwake, akapaliwa na furaha, akasahau ahadi ya kukaa kimya.

NGRRRUUUUM!

Chungu kikapinduka. Blanketi likaruka hadi darini. Kuku wakapanda juu ya paa, na huko ng'ambo fisi wote wakakumbuka adabu. Bi Tunu akafumbua macho, akamwona mwenzake. Naye akafungua koo:

"TOKA NYUMBANI KWANGU!"

Ilikuwa sauti yake yenyewe! Mbuzi wakaja mbio, wake na wa majirani. Na Simba, aliyekuwa amepona dakika hiyohiyo, alitokea dirishani, akavuka mto kwa mruko mmoja, na mpaka leo hajakanyaga ng'ambo ile.

Bi Tunu alishusha pumzi. Akamtazama Siwema aliyekuwa chini, kacheka hata kashindwa kusimama.

"Mwanangu," akasema, safari hii polepole, "nisamehe. Nionyeshe unavyokata majani hayo."

Mrisho aliporudi na chumvi yake, alishangaa kukuta kila ua una kichaka cha mchaichai. Siwema na mavyaa wake walikuwa wamelipasua shina lao, wakagawa miche nyumba kwa nyumba, na Bi Tunu ndiye aliyefundisha: "Kata, using'oe! Vidole vinne!" Walimsikia hata wasiotaka.

Basi mafunzo ndiyo hayo: dawa ya nyumbani hutaka mkono wa kuitunza na moyo wa kuingoja, na usikidharau anachokuja nacho mgeni kabla hujaugua.

Hapo ndipo nilipoitua hadithi. Iliyo tamu gawaneni, iliyo chungu nirudishieni nikaitie asali. Mimi nilikuwepo siku ile, chini ya kitanda, na ningewaeleza zaidi, lakini Simba aliponguruma nilifumba macho.