Mama, Mko Wangapi?

Hapo zamani, na mwenye zamani ndefu kuliko hii yangu ailete hapa tuipime, palikuwa na kijiji kiitwacho Ikungwe, juu kabisa milimani Upare, mahali ambapo ukungu ukiamua kushuka unashuka hadi ndani ya sufuria. Mtu haoni mkono wake mwenyewe. Na nyuma ya kanisa, si mbali, kuna genge. Ukitupa jiwe husikii likifika chini. Mimi nilitupa langu, mpaka leo nasubiri.

Kwa sababu hiyo watu wa Ikungwe walikuwa na miito, kila mtu na wake. Mtoto aking'oka meno ya mbele, mtu mzima mmoja hukaa naye kutwa akimsikiliza: anavyocheka, anavyolia, anavyopiga chafya. Jioni humtoa nje na kumwitia mwito wake kwa mara ya kwanza. Hamtungii, anausikiliza tu. "Mungu ameshautia humo," wazee walisema, "kazi yetu ni kuutoa." Na msikilizaji ni mmoja, maana wakisikiliza wawili watasikia watoto wawili. Basi wakienda kukata majani ya ng'ombe ukunguni, huyu anaita, yule anaitika, kila mtu anajua mwenzake yuko wapi na genge liko upande gani.

Wengine walijaliwa miito mitamu. Wa Mbazi, mwalimu wa kwaya, ulipanda polepole kama moshi wa asubuhi: "Oo-leee!" Wa Kirumbe, aliyezaliwa kiziwi, ulikuwa makofi mawili. Na Namcheja, maskini Namcheja! Wake ulikuwa "Krroo-ko! Krroo!" Ndege hondohondo mwenye mafua. Akiita, mbwa walitazamana.

"Dada," mdogo wake Naelijwa alimtania, "siku ukifika mbinguni, tafadhali ingia kimya kimya."

Namcheja alicheka na wenzake, kisha akaenda kulia kwenye migomba.

Mwaka mmoja kwaya ya Ikungwe ilikwenda mashindanoni ikachekwa. Waamuzi walisema hii si kwaya, hili ni gulio la mbuzi, kila mmoja na mlio wake. Mbazi alirudi amevimba kwa aibu. "Tutakuwa sauti moja," aliapa mbele ya watu, "hata ikibidi kumwomba asiyeombwa."

Jamani, kuna maneno hayasemwi penye ukungu.

Kulipokucha, mgeni alikuwa amesimama ukingoni mwa genge, kibuyu kikubwa begani. Baridi ya Ikungwe humtoa kila mtu mvuke mdomoni. Mgeni alizungumza asubuhi nzima, na mvuke haukutoka.

"Ninayo sauti moja nzuri," alisema, na kweli ilitiririka kama asali. "Inawatosha wote. Kila mtu aite mwito wake humu kibuyuni, kisha anywe funda moja."

Mbazi akawa wa kwanza. "Oo-leee!" akauitia ndani, akanywa, akafungua kinywa. Wanawake wakashika vifua kwa utamu. Foleni ikapangwa hapo hapo.

Namcheja naye alipanga foleni. "Baba," aliomba moyoni, "sikusumbui kwa mengi. Nataka tu kuwa kama wenzangu."

Mbele yake alikuwa Naelijwa. Akaita, "Hii-yuu!" akanywa. Mgeni alipoziba kibuyu, Namcheja akasikia humo ndani, kwa mbali, "Hii-yuu... hii-yuu..." kama mtoto aliyefungiwa chumbani. Mgeni akamgeukia, akatabasamu. "Wewe sasa."

Namcheja alikimbia. Sikusema alikataa. Alikimbia, kanga mkononi, hadi chini ya kitanda chake.

Kirumbe hakupanga foleni. Hakusikia kilichokuwa kinauzwa.

Basi Ikungwe ikawa sauti moja. Wakashinda, waamuzi wakalia. Lakini nyumbani, mke akiita, waume wanne wanaitika. Ng'ombe wakagoma kukamuliwa. Watoto wachanga wakibembelezwa na mama zao walipiga kelele kama wamebebwa na mgeni. Na mgeni mwenyewe hakuonekana tena, kaondoka bila kuaga. Namcheja aliombwa na wazee wa kanisa aufunge mdomo, asichafue hewa. Akaufunga. Mwezi ukaisha, mwingine ukaingia, hajasema neno.

Naelijwa alikuwa na binti, Elieskia, meno mawili ya mbele yameshang'oka. Hakuna aliyemsikiliza. "Mwito wa nini?" mama yake alisema. "Mgeni atarudi, atampa sauti nzuri."

Asubuhi moja ukungu ukashuka kuliko siku zote, na Elieskia alikuwa ametoka kumfuata mwanambuzi.

"Elieskia, njoo!" Naelijwa aliita.

"Elieskia, njoo," sauti ile ile ikaitika kutoka gengeni.

Naelijwa akapagawa. Majirani wakatoka kumsaidia, na wao wakaita, kila mmoja kwa sauti ile ile ya asali. Elieskia, njoo. Elieskia, njoo. Kushoto, kulia, mbele. Halafu ndani ya ukungu kikatoka kisauti kidogo kinachotetemeka:

"Mama, mko wangapi?"

Wakanyamaza wote. Genge peke yake halikunyamaza. "Niko mmoja tu, mwanangu. Njoo. Hatua moja."

Namcheja alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Alijua mwito wake ulivyo. Alijua nyuso zitakavyokunjamana. Akautoa mkono.

"Krroo-ko! Krroo!"

"Mama mkubwa!" mtoto akalia. "Mama mkubwa, ni wewe! Usinyamaze!"

Sauti ya gengeni ikakwama. Ule mwito haikuwa nao. Namcheja akaita tena na tena, na kila alipoita mtoto alisimama. Lakini alipovuta pumzi, asali ilirudi, na kokoto zikasikika zikiporomoka. Namcheja aliweza kumzuia asisogee, kumrudisha hakuweza. Kwenye ukungu ule hata yeye angetumbukia.

Akamshika mkono Kirumbe, aliyekuwa ametoka na majirani, akagusa meno yake mwenyewe ya mbele, akanyoosha kidole upande wa kilio. Ndivyo Kirumbe alivyomwita Elieskia, kidole kwenye pengo. Kirumbe akavua viatu. Watu kumi au ishirini walikuwa wamesimama pale wasithubutu kusogea, maana kila upande uliwaita kwa sauti tamu. Yeye hakuitwa na upande wowote. Alikwenda akipapasa ardhi kwa nyayo, nyasi, jiwe, nyasi, hadi akamkuta, akamwinua.

Mtoto hakuinuka hadi juu. Mgeni alikuwa amemshika mguu.

Hapo Mbazi akapita mbio, akiuacha mwito wa Namcheja mgongoni asije akapotea, kuelekea kilio cha mtoto. Akamrukia mgeni, akakamata kibuyu.

"Fikiri," mgeni alimwambia taratibu, bila mvuke. "Ukikivunja, miito ya juu itatoka. Wako ni wa kwanza kuingia, uko chini kabisa. Utakwenda na mimi."

Mbazi akakipiga mwambani. Miito ikaruka ukunguni kama mbayuwayu, ikipita masikioni mwa watu, kila mmoja ukimtafuta mwenyewe. Mgeni akalegeza mkono, akaokota kitako cha kibuyu, akarudi nyuma, akashuka gengeni kama anayeshuka ngazi. Hakuna aliyesikia akifika chini.

Jumapili, baada ya ibada, Naelijwa alisimama, mwito wake umerudi kooni. "Aliyemwokoa mwanangu ndiye atakayemsikiliza. Ajitokeze."

Namcheja akasimama. "Ni mimi niliyemsimamisha. Sauti mliyoniambia niifunge ndiyo pekee isiyoibwa. Mungu alijua anachokifanya aliponipa hondohondo."

"Alijua Mungu, wewe hukujua," Naelijwa akasema. "Dada, si ulikuwa nyuma yangu kwenye foleni? Ulikimbia kwa woga, usitupe mahubiri."

Namcheja akainama. Lilikuwa neno la kweli, na lilimchoma. Lakini hakukaa. "Nilikimbia, ndiyo. Ila siku ya kuita, niliita."

Kirumbe akapiga makofi mawili. Akaonyesha nyayo zake, akaonyesha mikono yake miwili imembeba mtoto, akaonyesha masikio yake, kisha juu. Kila mtu alielewa: Aliyeniumba hivi alikuwa na sababu, na sikuwahi kuomba niwe mwingine.

"Hukuomba kwa kuwa hukujaribiwa!" mzee mmoja akadakia. "Asiyesikia ngoma ana sifa gani kwa kutocheza?"

Mbazi akasimama, akafungua kinywa. Mvuke ukatoka, sauti haikutoka. Mkewe Niwaeli akasema kwa niaba yake. "Ni mume wangu aliyemleta yule, hatukatai. Lakini nyinyi nyote mna miito leo kwa sababu yeye hana. Namcheja alitunza alichopewa. Kirumbe alitumia alichopewa. Huyu alikitoa, na hatakiona tena. Nani kalipa zaidi?"

"Alilipa deni lake mwenyewe!" yule mzee akadakia tena.

"Na la kwako pia, baba," Niwaeli akamjibu. " Uitikie hapo tukusikie, uliipata wapi hiyo sauti?"

Kanisa zima likawaka. Mchungaji akainua mikono, akaishusha. Elieskia alikaa katikati, ulimi penye pengo, akiwatazama mmoja mmoja.

Na wakati wanabishana, ukungu ukaanza kuingia kwa chini ya mlango. Toka gengeni, mbali, ukapanda mwito mzuri kama moshi wa asubuhi: "Oo-leee!" Mbazi akageuza kichwa. Akapiga hatua kuufuata. Watu wanne wakamshika.

Naelijwa akambana mwanawe kifuani. "Amueni! Mtoto wangu bado hana mwito!"

Haya, mimi nimemaliza yangu. Aliyekimbia kisha akaita, asiyejaribiwa kisha akaenda, au aliyekosa kisha akatoa kila kitu: je, nani alistahili kumsikiliza Elieskia? Jibuni. Ila mmoja mmoja, na kila mtu kwa sauti yake mwenyewe, maana ukungu naona umeshafika mlangoni, nami nataka nijue kwamba ni nyinyi.