Soga za Barazani kwa Mize

Zamani, wajukuu zangu, zamani ambayo hata bibi wa bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na mji ukiitwa Shungi. Sogeeni karibu, sauti yangu imekuwa ndogo.

Huko aliishi Mize, msusi wa mikeka. Kila alasiri wanawake walijaa barazani kwake wakisuka ukili na kupiga gumzo. Hakukosa Mwanasha, mjane, shoga yake tangu utotoni. Siku moja Mwanasha hakuja.

"Shoga yako yuko wapi leo?" akauliza Bi Rehani, jirani.

"Asubuhi nilimwona akitoka kwa mganga na kibuyu," akajibu Mize, mikono ikiendelea na ukili. Basi. Hakuongeza neno.

Ilikuwa soga tu, wanangu. Kesho yake ikawa porojo. Keshokutwa ikawa umbea. Mtoto wa jumbe alipokufa kwa homa, ikawa fitina: Mwanasha kamroga, kibuyu kimeonekana.

Watu wa mji wakamtoa nyumbani kwake mchana kweupe, wakamfukuza. Mize alikuwamo katika umati. Mwanasha akamtazama, akangoja. Mize akainamisha macho. Ulimi ule mwepesi, jamani, siku ile ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

Mwanasha akavuka mto akichechemea. Mguu wake ulikuwa umevimba, na kibuyu kile kilikuwa na dawa ya mguu.

Miezi miwili Mize alikula bila kuonja. Mwezi wa tatu akavuka mto, akamkuta shoga yake amelala kibandani, mguu umeoza.

"Nisamehe, shoga yangu. Nilisema neno dogo tu."

"Hilo nimekusamehe," akasema Mwanasha. "Hata mimi ningelisema. Lakini siku ile nilikungoja useme la pili."

Mize akamuuguza siku nne. Ya tano akamzika.

Aliporudi Shungi, wanawake wakaja na ukili wao. "Lete habari," wakamwambia. Akawaeleza yote, kosa lake na lao. Wakakunja ukili, mmoja mmoja, wakaondoka, na hawakurudi. Mize akazeeka akisuka peke yake.

Soga ni tamu, wajukuu zangu, nami siwakatazi. Lakini ukilitoa neno, lifuate uone linakokwenda. Likipotea njia lirudishe mapema, aliyesemwa angali hai.

Kisa changu kimefika mlangoni. Kikiwafaa kibebeni, kisipowafaa, niachieni mwenyewe.