Meja na Konokono

Ndugu zangu, mfano wa leo hauchekeshi, kwa hiyo nawaomba mnivumilie mpaka mwisho.

Palikuwa na mzee mmoja kule Tukuyu, rubani mstaafu wa ndege za kivita. Watu walimwita Meja, sokoni Meja, kanisani Meja. Mtu mrefu, mgongo umenyooka kama bado yuko kwenye gwaride, anayekunja shuka lake mwenyewe kila asubuhi na kuliwekea pembe nne. Alikuwa na mke, na alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Lwitiko. Nasema alikuwa naye, kwa sababu huu ulikuwa mwaka wa tisa tangu amfute.

Mnataka kujua alimfuta kwa kosa gani?

Lwitiko naye alikwenda kujifunza urubani wa kivita, na baba yake akatembea mjini kifua mbele. Siku moja mwenzake, waliyekuwa wakilala naye chumba kimoja, alipaa kufanya zoezi la kugeuza ndege chini chini kwa mwendo mdogo. Ni zoezi gumu. Ndege hubebwa na kasi yake. Ukiipunguza kupita kiasi mabawa yanaacha kubeba, na chuma kinarudi kuwa chuma. Yule kijana alipunguza kupita kiasi. Ndege ikalala ubavu, ikadondoka kama gunia. Lwitiko ndiye aliyefika pale wa kwanza. Aliyoyaona sitayaeleza, kuna watoto humu.

Wiki ya pili akavua sare, akarudi nyumbani. Akamkuta baba yake sebuleni na baba zake wadogo wawili. Akapiga magoti.

"Baba, nisamehe. Siwezi tena. Kila nikifumba macho namwona."

Meja hakumwinua. "Mimi nimerusha ndege miaka ishirini na sita," akasema. "Nimezika wenzangu wanne, na kila nikizika, kesho yake napaa. Sikuzaa mwoga. Toka, na usirudi hapa mpaka nikuite."

Hakumwita. Lwitiko akaenda Mbeya, akawa fundi wa kompyuta, akaoa, akapata mtoto. Meja hakwenda harusini. Picha ya mjukuu mama aliiweka katikati ya kitabu chake cha nyimbo, na alikuwa akiitazama wakati wenzake wanaimba.

Sasa Meja alipostaafu, mikono ikakosa kazi. Akanunua kompyuta, na gemu moja ya ndege za kivita. Wazee wenzangu, msiidharau mkadhani ni mchezo wa watoto. Unaketi kwenye kiti, una fimbo ya kuongozea mkononi, una pedali miguuni, una vipokea sauti masikioni, na ile ndege inakutii na kukukatalia kama ndege ya kweli. Halafu kwa intaneti unakutana angani na watu wengine walioketi majumbani kwao, mnapigana. Meja alivitandaza vitu hivyo katika chumba cha Lwitiko, pale pale kilipokuwa kitanda. Akajiandikisha kwa jina alilokuwa akiitwa redioni enzi zake jeshini: Mwewe Saba.

Kila siku baada ya chakula cha mchana aliingia mle akafunga mlango. Nje mvua ya Tukuyu inanyesha, ndani mzee anapigana. Na alikuwa mkali! Alikuja kwa kasi kutoka juu, akapiga, akapotea. Vijana wa Nairobi, wa Dar, wa Kampala, wote aliwaangusha.

Mpaka alipotokea mmoja aliyejiita Konokono.

Konokono hakukimbia. Meja alipomjia kwa kasi, yeye alipunguza mwendo. Aliinua pua ya ndege mpaka ikasimamia mkia, ikakaribia kabisa kusimama hewani. Kisha akaiacha ilale taratibu juu ya bawa moja, igeuke, ishuke kama jani kavu, na kabla haijampotea akaikamata tena. Meja kwa kasi yake akampita. Akigeuza shingo, Konokono yuko nyuma yake, karibu, tulivu, mahali ambapo angeweza kubonyeza kitufe kimoja tu na kummaliza.

Hakukibonyeza. Alisogea polepole mpaka akawa ubavuni kwa Meja, bawa kwa bawa, wakaruka hivyo kwa muda. Kisha chini ya skrini yakatokea maandishi: "Shikamoo, Mwewe."

Meja hakujibu. Akazima kompyuta, jasho likimtoka.

Kesho yake hivyo hivyo. Na keshokutwa. Wiki zikawa miezi, miezi ikapita mwaka. Akimjia kwa kasi anampita, na yule anageuka kama jani, anamfuata, anakaa ubavuni kwake. "Shikamoo, Mwewe. Huko kwenu mvua?" Siku nyingine: "Shikamoo. Umeshakula, mzee?"

Hilo la "mzee" lilimchoma. Alitoka chumbani akamkuta mkewe anachambua maharage.

"Kuna mshenzi mmoja ananichezea," akasema. "Amejua mimi ni mzee kwa vile mikono yangu imekuwa mizito. Ananiweza, hanipigi. Anakaa pembeni yangu ananitazama."

"Anasemaje?"

"Ananiamkia."

Mama akacheka kidogo. "Mtu anakuamkia, baba, na wewe unaona umetukanwa? Si umwitikie tu?"

"Hujui vita wewe. Adui akikuacha hai, anakuonyesha kwamba hukustahili hata risasi yake."

Ndugu zangu, mnaona jinsi mtu anavyoweza kuisoma salamu akaona tusi?

Basi Meja akaamua kujifunza kwenda polepole. Ilikuwa kazi, maana mwili wake wote ulikataa. Miaka ishirini na sita alikuwa ameambiwa, na amewaambia wengine, kwamba kasi ndiyo uhai. Sasa akajifungia peke yake, bila adui, akawa anainua pua ya ndege na kupunguza nguvu za injini, mpaka ndege itetemeke, mpaka king'ora kilie, mpaka mabawa yaachie. Akaanguka. Akaanza upya. Akaanguka tena. Daftari lake lilikuwa limejaa mistari: pua imeinuka nyuzi ngapi, mwendo gani, wapi alichelewa kukanyaga pedali. Alianguka mara mia tatu na zaidi, na kila alipoanguka alibonyeza, akarudi angani mzima. Mwezi wa nne wa mazoezi hayo ndege ikaanza kumsikia.

Ni katika mwezi huo mama aligonga mlango. Hakuwa na kawaida ya kugonga.

"Nimepigiwa simu kutoka Mbeya. Mtoto amelazwa. Ni figo, zote mbili."

"Mtoto gani?"

Kwenye skrini ndege ilikuwa imesimamia mkia, na Meja hakuondoa mkono kwenye fimbo.

"Baba Lwitiko, mimi kesho nakwenda kumwona. Nakuomba twende wote."

"Nilisema mpaka nimwite. Nimemwita?"

Mama akaenda peke yake. Akakaa siku mbili, akarudi, akapika. Baada ya wiki mbili akaenda tena. Meja hakuuliza. Lakini nisimwonee: mara moja alikwenda mpaka jikoni, akasimama mlangoni akitaka kuuliza. Mkewe alikuwa amempa mgongo, mabega yanatikisika. Akarudi chumbani. Alikuwa mtu aliyeweza kuvumilia risasi, hakuweza kuvumilia kuonekana ameuliza.

Ikafika Jumanne moja. Konokono alikuwa hajaonekana siku nyingi, na siku hiyo akatokea. Meja aliona mara moja kwamba leo hachezi vizuri. Ndege yake inayumba. Anageuka kwa kuchelewa. Meja akamjia kwa kasi, kama zamani, ili amdanganye. Konokono akapunguza. Na Meja akapunguza! Akainua pua, akapunguza nguvu za injini, ndege ikatetemeka, akaishika, akaiacha ilale juu ya bawa, ikageuka taratibu kama ilivyogeuka ya mwenzake kwa miezi yote ile. Konokono ndiye aliyepita mbele. Akabaki pale katikati ya skrini, anakwenda polepole, amenyooka, hakwepi.

Hapo angeweza kusogea ubavuni, akaruka naye bawa kwa bawa, akamwitikia ile shikamoo.

Akabonyeza kitufe.

Ndege ya Konokono ikawaka, ikaanguka. Meja akaruka kutoka kwenye kiti, akapiga ngumi ukutani kwa furaha, akapiga kelele mpaka jirani akasikia. Chini ya skrini yakatokea maandishi, herufi moja moja, kama mtu anayeandika kwa kidole kimoja: "Vizuri, Mwewe. Umeweza."

Jumatano akamtafuta amwangushe tena. Hayupo. Alhamisi hayupo. Ijumaa asubuhi ikaja gari mpaka uani, akashuka mwanamke kijana aliyejifunika khanga kichwani. Alikuwa mke wa Lwitiko.

Mnajua kwa mila za huko mkwe hatazamani na baba mkwe. Akakaa barazani kwenye mkeka, uso chini, akazungumza na mama, na Meja akasikiliza akiwa ndani, nyuma ya pazia.

"Mama, Lwitiko hatunaye. Ni jana alfajiri."

Mama hakupiga kelele. Alimshika mkwe wake mkono, wakakaa hivyo. Kisha yule mwanamke akasema, "Aliniagiza nije kuuliza jambo moja. Anaomba azikwe hapa, kama baba atakubali. Akasema kama baba atakataa, nisimlaumu, kwa sababu wameshakuwa pamoja muda mrefu."

"Pamoja wapi, mwanangu?" mama akauliza.

"Kwenye ile gemu. Miaka miwili. Aliona jina la Mwewe Saba akajua ni baba. Kila siku saa tisa aliacha kazi zake akaketi. Hata alipolazwa nilimpelekea kompyuta yake ndogo, na mama ulipokuja aliificha chini ya shuka. Mimi nilimwambia, jitambulishe. Akasema, akijua ni mimi atazima."

Pazia likatikisika. Na yule mwanamke, ndugu zangu, akafanya lisilofanywa. Akainua uso, akamtazama baba mkwe wake pale alipokuwa amesimama.

"Alikuwa akipunguza mwendo ili umfikie, baba. Hakukutega. Lile zoezi lililomuua rafiki yake, ndilo alilolifanya mbele yako kila siku, ili uone kwamba ameliweza. Jumanne ulipomwangusha alicheka. Mikono ilikuwa imevimba, lakini alicheka. Akaniambia, 'Baba ameweza.' Nikamwambia, mwandikie sasa hivi kwamba ni wewe. Akasema amechoka, atamwandikia kesho. Kesho hakuweza kuinua kichwa."

Meja akatoka nyuma ya pazia. Mama alikuwa ameshaingia ndani kuchukua khanga zake. Alipotoka alimpita mumewe bila kumgusa, akamwambia mkwe wake, "Twende tukamlete."

"Na mimi?" Meja akauliza. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Gari lina nafasi," mama akasema. "Kaa nyuma."

Walimzika Jumapili, mvua inanyesha. Walipomwita baba wa marehemu aseme neno, Meja alisimama na mgongo wake ule ulionyooka. Akasema, "Mtoto wangu aliniamkia miaka miwili." Akakaa.

Sasa nageuka kwenu, na kwangu.

Sisi hapa tunajua kuomba. Tunamwomba Mungu amrudishe ndugu, amrudishe binti, amrudishe rafiki tuliyekosana naye. Tunataka arudi kwa kishindo, aje na wazee, apige magoti mbele ya watu, akiri. Na yeye anarudi kama alivyorudi Lwitiko: kwa salamu ya simu siku ya sikukuu, kwa kusimama karibu nasi msibani bila kusema, kwa kumtuma mtoto wake alete ndizi. Anapunguza mwendo tumfikie. Na sisi tunasema ananidharau, ana lake jambo, ananitega. Tunajifunza kwa bidii, tunaandika mpaka kwenye daftari, ili siku akipita mbele yetu akiwa dhaifu tusimkose.

Msiniambie Meja alikuwa mtu mbaya. Alisali. Alifunga. Alikaa benchi kama hilo unalokalia wewe. Hakujua aliyekuwa mbele yake ni nani, hiyo ni kweli. Lakini je, angekuwa si mwanawe? Angekuwa mtu baki wa Kampala aliyemwamkia mzee kwa adabu miaka miwili? Bado shikamoo ile ilikuwa na haki ya kuitikiwa.

Wako humu waliochelewa kama Meja. Nawafahamu, nimewazikia. Kwenu leo sina maneno, nitakuja nyumbani tukae tu. Lakini wengine mna mtu, naye bado anapumua, na jina lake limekupitia kichwani tangu nilipoanza kusema.

Kila Jumapili nasimama hapa nawaambia mzime simu. Leo ziwasheni. Nendeni nje, kila mtu na kona yake. Ibada itawasubiri.