Viganja vya Lukwambe

Tope lililobomoa ndilo linalokandika. Mmelisikia neno hilo leo tulipokuwa tukijenga jiko la shule, mkauliza limetoka wapi. Vijana wangu, lilizaliwa hivi.

Mto Lukwambe ulipofurika, uliingia mtaani polepole, kama mgeni anayeujua mlango. Watu walikimbilia mlimani na wote wakaokoka, lakini nyumba zao za udongo ziliyeyuka kama sukari katika chai. Maji yalipopungua, bonde zima lilibaki tope jekundu, laini, linalong'aa kimya juani.

Sikujua, binti mchoraji, alishuka akatembea pale nyumba zilipokuwa. Alijiona kama anapita ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Mahali kilipokuwa chumba chake, kipande cha ukuta kilikuwa bado kimesimama. Maji yalikuwa yamebandua udongo wa juu, na chini yake ilionekana alama ya kiganja kidogo, kidole cha mwisho kimepinda ndani. Sikujua akakitazama kidole chake. Kimepinda vilevile. Alikuwa akiambiwa tangu utotoni kwamba amekirithi kwa mama yake, ambaye hakuwahi kumjua. Akaweka mkono wake juu ya kile kiganja, akakaa hivyo mpaka jua likamchoma kisogo.

Lililomuuma zaidi halikuwa nyumba. Majirani walikuwa wanatawanyika: huyu kwa wakwe, yule kwa kaka yake mjini. Lori lingekuja Ijumaa. Mtaa ule ndio uliomlea yatima huyo, huyu akimpa uji, yule shuka. Ukifa, hana kwao.

Basi akapandisha tope mlimani kwa ndoo, akasimamisha fito, akakandika ukuta peke yake. Juu yake akachora kwa mkaa na chokaa nyuso za majirani wote. Aliamini wakijiona wamekaa pamoja, wataona haya kuachana.

Asubuhi watu wakaja, wakatazama. Mzee Kondo, fundi baiskeli, akasogea karibu.

"Binti, nani kakwambia nimekufa?"

"Hujafa, babu."

"Mbona umenichora kama marehemu? Na masikio haya, umeyaazima kwa punda gani?"

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaanza kwenda zao. Bibi Mashavu pekee akabaki, akiugusa ukuta.

"Umekandika na nani, mjukuu wangu?"

"Peke yangu, bibi."

"Peke yako! Tangu lini hapa kwetu mtu akakandika peke yake? Ukuta huu hauna mikono ya watu."

Sikujua akashtuka. Alikuwa ameisahau desturi ya kwao. Siku ya kukandika, kila jirani hugandamiza kiganja chake kwenye ukuta mbichi, kisha mwenye nyumba hupaka udongo mwembamba juu yake. Viganja havionekani tena, lakini mtu hulala akijua amezungukwa na mikono ya wenzake.

Akainua ndoo, akaumwagia ukuta maji, akazifuta nyuso zote kwa viganja vyake. Waliokuwa wakiondoka wakageuka.

"Babu Kondo," akaita, "sikuchori tena. Njoo ujiweke mwenyewe."

"Mimi Ijumaa naondoka."

"Weka, halafu uondoke."

Mzee akasitasita. Akakunja mkono wa shati, akagandamiza. Alipoutoa mkono, ulikuwa mwekundu hadi kifundoni.

"Tope lilelile," akanong'ona. "Lililonibomolea."

"Ndilo linalokandika, Kondo," akasema Bibi Mashavu. "Ulitaka tuletewe lingine kutoka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akamshusha mtoto mgongoni, akamshika mkono mdogo, akaubonyeza ukutani. Wengine wakafuata. Nafasi ilipokwisha, Mzee Kondo akachukua ndoo, akashuka bondeni kuchota tope la ukuta mwingine.

Ijumaa lori lilifika. Dereva alipiga honi wee, kisha akapanda mlima kutafuta abiria wake. Aliwakuta wakikanyaga udongo kwa miguu, wakiimba, na fito za nyumba nyingine zimekwisha simama.

"Mizigo iko wapi?" akauliza.

"Vua viatu kwanza," akajibu Mzee Kondo. "Kuna nafasi ya mkono wako hapa."

Ukuta ule wa kwanza haujapakwa udongo wa juu mpaka leo. Chini kabisa, pembeni, kipo kiganja kimoja ambacho kidole chake cha mwisho kimepinda ndani. Mkipita, wekeni mikono yenu hapo, nanyi mtajua bila kuambiwa: tope lililobomoa ndilo linalokandika.